Nyuki wachanga wanazaliwa na mabawa yaliyokunjamana: nichome mizinga au nitie dawa?

"Shikamoo mtaalamu. Nina mizinga 34 huku Mufindi, 20 ya boksi na 14 ya magome. Tangu mwezi wa tano naona nyuki wachanga wanatambaa chini mbele ya mizinga, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyonyeshewa, hawaruki. Katika mizinga 3 makundi yamepungua sana, na kundi la mzinga wa nne limehama likaacha majana ndani. Jirani anasema ni dawa inayopuliziwa parachichi. Kijana mmoja anayeuza vifaa ameniambia ni virusi, akaniuzia unga wa njano wa tetracycline nichanganye na maji ya sukari. Anasema pia anaweza kuniletea malkia wa Kizungu wasiougua. Mzee mmoja wa hapa kijijini ananishauri nichome mizinga yote minne. Tena nina ndoo 6 za asali ya mizinga hiyo na sijui kama ni salama kuuza. Naomba msaada kabla sijapoteza kila kitu."

Marahaba, ndugu mfugaji. Nianze na yale yasiyoweza kusubiri, halafu tukae tuzungumze kwa nafasi. Usichome mzinga wowote kwa sasa. Huo unga wa njano usiwalishe nyuki. Asali yako haina shida, isipokuwa kama kuna mzinga ambao tayari umeulisha unga huo. Hapo nitakueleza cha kufanya. Na kijana wa malkia wa Kizungu mwambie ahsante, hapana.

Umeuliza mambo manne, lakini naona nyuma yake kuna hofu moja: kwamba kuna ugonjwa umeingia kwenye manzuki yako na utapita mzinga kwa mzinga mpaka uwamalize nyuki wote. Ugonjwa upo kweli. Ila sidhani kama umeingia mwezi wa tano. Huenda ulikuwamo hata kabla hujatundika mzinga wako wa kwanza, umelala tu. Kilichouamsha ni mdudu mwingine, na huyo ndiye tunayepaswa kumtafuta.

Tuanze na jirani yako, maana hajakosea kushuku dawa. Parachichi zimejaa huko kwenu na wapo wanaopulizia maua yakiwa yamechanua mchana kweupe. Lakini sumu ina namna yake ya kuua. Nyuki waliopata sumu hufa kwa wingi ndani ya siku moja au mbili, tena wale wakubwa wanaotoka kutafuta chakula, mabawa mazima, wengi ulimi umetoka nje. Utawakuta wamerundikana mlangoni, na mizinga yote inayokwenda shamba hilo itaguswa. Kwako ni mizinga 4 kati ya 34, wanaoanguka ni wachanga, na wanatoka kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Dawa ya shambani haiwezi kulikunja bawa lililokwisha kunyooka. Okota 10 kati yao uwatazame kwa makini. Ukiona tumbo ni fupi na limevimba kidogo, rangi imepauka, na mabawa ni vijiti vilivyosokotana, basi hiyo ni picha ya virusi ambavyo wataalamu huviita virusi vya mabawa yaliyoharibika. Mimi nitaviita virusi vya mabawa, tusichoshane.

Virusi vya nyuki si jambo la jana. Virusi viwili vya kwanza vilitenganishwa kituoni Rothamsted, Uingereza, mwaka 1963, na Leslie Bailey na wenzake. Tangu hapo orodha imekua, sasa ni zaidi ya 20. Virusi hivi vya wadudu haviambukizi watu. Mtu akila asali iliyotoka kwenye mzinga wenye nyuki wa mabawa yaliyokunjamana hapati lolote zaidi ya utamu. Uza ndoo zako.

Tetracycline ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko virusi vyenyewe. Hiyo ni dawa ya bakteria. Kumpa nyuki mwenye virusi ni sawa na kumpa kidonge cha minyoo mtu aliyevunjika mguu: mguu hautapona, na tumbo utalisumbua bure. Ndani ya utumbo wa nyuki kuna bakteria wema wanaomsaidia kusaga chavua na kujikinga na maradhi, na dawa hii inawaua hao kwanza. Kisha masalia yake hubaki ndani ya asali. Wanunuzi wa Ulaya hupima asali kutafuta masalia ya namna hiyo, na asali ya wafugaji wengi huchanganywa kabla ya kusafirishwa. Ndoo moja yenye dawa inatosha kurudisha mzigo wa wilaya nzima. Kama umeshawalisha, asali ya mzinga huo usiiuze na usiichanganye na nyingine. Waachie nyuki wenyewe waile.

Na mzee wenu? Ushauri wake una chanzo. Kuna ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, unaoletwa na bakteria wenye mbegu ngumu zinazoweza kukaa ndani ya sega na ubao kwa miaka mingi sana, na katika nchi nyingi dawa yake ni moto. Majana yaliyokufa kwa ugonjwa huo huoza yakawa kama ute wa kahawia wenye harufu mbaya. Ukichomeka njiti ya kiberiti ndani ya chumba cha sega na kuivuta taratibu, ute unakuja na kurefuka kama uzi. Fanya jaribio hilo kwenye masega ya ule mzinga uliohamwa. Uzi ukivutika, funga mlango wa mzinga, usihamishe kitu chochote, na umpigie afisa nyuki wa wilaya siku hiyo hiyo. Usipovutika, moto hauna kazi hapo. Virusi havina mbegu za namna hiyo, na nje ya mwili wa nyuki havidumu kama zile mbegu. Boksi ukilikwangua vizuri, ukaliosha kwa sabuni na kulianika juani siku kadhaa, litatumika tena.

Sasa tuje kwenye kiini. Wafugaji wengi huambiwa "ni virusi" halafu wanaachwa hapo, na anayeachwa hapo lazima akimbilie duka la dawa.

Virusi vya mabawa vinaweza kukaa na nyuki kimya kimya kwa miaka. Kibarua mmoja, yaani nyuki mfanyakazi, akimlisha mwenzake mdomo kwa mdomo, vinapita. Malkia akitaga, vinaweza kuwamo ndani ya yai. Dume akimpanda malkia angani, vinaweza kuwamo kwenye mbegu zake. Kwa njia hizi nyuki hupata kiasi kidogo, na vile vinavyoingia kwa mdomo hukutana kwanza na utumbo, ambao ni boma lenye ulinzi wake. Nyuki huyo anakua, anafanya kazi, na anakufa kwa uzee wake. Ukimpima maabara unavikuta. Ukimtazama kwa macho huoni kasoro.

Kisha aje utitiri wa varoa. Ni mdudu mwekundu wa kahawia, bapa kama kaa mdogo, upana wake milimita moja na nusu hivi. Utitiri jike huingia ndani ya chumba cha jana muda mfupi kabla vibarua hawajakifunika kwa nta, akajificha chini ya chakula cha jana. Chumba kikishafunikwa, hutoboa ngozi ya jana na kuanza kula. Zamani tulifundishwa kwamba anakunywa damu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Samuel Ramsey walionyesha kwamba, kwa nyuki aliyekomaa, anachokula hasa ni mafuta ya mwilini, tishu inayofanya kazi karibu na ile ya ini letu: kuhifadhi chakula, kusafisha sumu, kusaidia kinga. Kwa hiyo anamlia nyuki ghala na askari wake kwa pamoja. Humo humo chumbani anataga. Yai la kwanza hutoa dume, yanayofuata majike, na wanapandana wenyewe kwa wenyewe. Nyuki anapozaliwa, mama na mabinti zake waliokomaa wanatoka naye, kila mmoja anatafuta chumba kingine.

Fikiria sindano moja inayowachoma watu wengi bila kuoshwa. Virusi vilivyokuwa vikipita mdomoni sasa vinaingizwa moja kwa moja mwilini mwa jana, boma la utumbo limerukwa, tena katika siku zile zile ambazo mabawa yanatengenezwa. Vinazaliana mpaka vinafurika. Jana linalosalimika hutoka na hayo mabawa uliyoyaona, na nyuki huyo hufa ndani ya siku chache. Mbaya zaidi ni wale wanaotoka na mabawa mazima lakini wamejaa virusi: wanaishi muda mfupi na kazi yao ni dhaifu. Hao huwaoni chini mbele ya mzinga, kwa sababu wanafia porini. Ndiyo maana kundi linaweza kupungua kuliko idadi ya maiti unazozihesabu.

Kuna mahali duniani ambapo jambo hili lilionekana likitokea hatua kwa hatua. Visiwa vya Hawaii havikuwa na varoa mpaka mwaka 2007, ulipoonekana kisiwa cha Oahu, na mwaka uliofuata ukafika kile kisiwa kikubwa. Visiwa vingine viwili, Kauai na Maui, vilibaki salama, kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha. Pasipo utitiri, virusi vya mabawa vilikuwa katika kundi moja hivi kati ya kila 10, tena vya aina nyingi tofauti. Utitiri ulipozoeleka, karibu kila kundi lilikuwa navyo, na zile aina nyingi zilikuwa zimebaki moja, ile inayosafiri vizuri na utitiri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Mimi nikiwafundisha wafugaji huanza na Hawaii kila mara, kwa kuwa nyuki ni wale wale na virusi vilikuwapo tangu mwanzo. Aliyeongezeka ni mdudu mmoja tu.

Mdudu huyo kwao ni Asia, kwa nyuki wafugwao wa huko, ambao ni jamii nyingine kabisa na hawa wetu. Nyuki wale wameishi naye muda mrefu mno. Kwao utitiri huzaliana karibu katika majana ya madume peke yake, vibarua wanasafishana mwilini, na dume lililoshambuliwa mno hufia ndani ya chumba chake pamoja na wadudu wote. Shida ilianza watu walipopeleka nyuki wa Ulaya katika maeneo hayo, jamii mbili zikakaa jirani, utitiri ukahamia kwa mgeni asiyemjua. Kutoka hapo ulisambaa kwa makundi na malkia waliokuwa wakiuzwa nchi hadi nchi. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya virusi vya mabawa kutoka sehemu nyingi za dunia ulionyesha kwamba virusi navyo vilisambaa vikitokea kwa nyuki wa Ulaya, kwa biashara hiyo hiyo. Nyuki harukii bahari. Alibebwa.

Sasa unajua kwa nini nimekukatalia malkia wa Kizungu. Kwanza, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 hairuhusu kuingiza nyuki kiholela. Pili, malkia huja na vibarua wa kumhudumia ndani ya kijisanduku chake, na ndani yao kunaweza kuwa na utitiri, virusi vya aina ngeni, au vyote viwili. Tatu, na hapa ndipo ninapocheka kidogo, wenye hao malkia wanatamani kinga waliyo nayo nyuki wako. Mwaka 1956 mtaalamu wa vinasaba wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika akawapeleka Brazili kwa utafiti. Baadhi walitoroka na makundi yao, wakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa huko. Leo nyuki wa kizazi hicho wanaishi na varoa bila dawa, huku Ulaya na Marekani Kaskazini mfugaji asiyeshughulikia utitiri kwa kawaida hupoteza makundi yake ndani ya miaka michache. Afrika Kusini utitiri ulionekana mwaka 1997 karibu na Cape Town. Makundi mengi yalikufa mwanzoni, lakini wafugaji wengi hawakutia dawa, na baada ya miaka kadhaa nyuki walisimama wenyewe.

Hapa kwetu, Kenya na Tanzania, varoa uliripotiwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata watafiti walizunguka sehemu 24 za Kenya. Walikuta utitiri karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali. Walitafuta virusi 7 vinavyojulikana Ulaya na Marekani wakakuta 3, vya mabawa vikiwamo, na penye utitiri mwingi aina za virusi nazo zilikuwa nyingi. Lakini ukubwa wa makundi haukuwa umepungua kwa sababu ya utitiri wala virusi. Jambo moja litakuhusu wewe wa Mufindi: kadiri ulivyopanda milimani ndivyo utitiri ulivyozidi. Halafu wewe umeanza kuona shida mwezi wa tano, baridi inapoingia. Malkia anapunguza kutaga, vyumba vya majana vinakuwa vichache, na utitiri wote uliozaliana wakati wa maua unagombania vyumba hivyo vichache. Jana lililokuwa likipata mdudu mmoja sasa linapata wawili au watatu. Ndiyo maana nakuambia usikate tamaa kwa unachokiona sasa. Umeangalia mzinga katika miezi yake mibaya.

Nyuki wetu wanajikinga vipi? Wanasafishana. Wananusa jana lenye kasoro ndani ya chumba kilichofunikwa, wanatoboa, wanalitoa nje. Wanagawanyika mara kwa mara, na kila kundi likigawanyika kuna siku ambazo hakuna majana ya kufunikwa. Na wanahama. Sisi wafugaji tunalilia kuhama kwa sababu mzinga unabaki mtupu, lakini hebu tazama ule mzinga wako wa nne: kundi limekwenda, majana yamebaki. Sehemu kubwa ya utitiri wa kundi lile ilikuwa ndani ya vyumba vya majana hayo, nayo ikafa pamoja nayo. Nyuki wako wamekwenda kuanza upya mahali pengine wakiwa na mzigo mdogo kuliko ambao mimi au wewe tungewapunguzia kwa dawa. Tundika mizinga ya mtego jirani, iwe na harufu ya nta. Huenda ukawapata wenyewe, wazima.

Kabla ya hatua yoyote, hesabu. Chukua chupa pana yenye mfuniko, ile ya siagi ya karanga inafaa. Toboa mfuniko na uweke wavu wenye matundu ya milimita 2 hadi 3. Wavu wa mbu ni mwembamba mno, utitiri hunasa. Vaa mavazi kamili ya kujikinga, piga moshi, nenda jioni jua linapopoa. Toa fremu yenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, kisha kung'uta nyuki kwenye beseni na uchote nusu kikombe, wapata 300. Watie ndani ya chupa, weka vijiko viwili vya sukari ya unga, ile ya kupambia keki, viringisha chupa polepole mpaka wote wawe weupe, uiache dakika mbili kivulini. Kisha igeuze na utikise kwa nguvu juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari inayeyuka, utitiri unabaki. Hesabu, gawa kwa 3, utapata idadi kwa kila nyuki 100. Nyuki warudishe mzingani. Wenzao watawalamba, hawafi.

Angalia usihesabu chawa wa nyuki. Wapo mizinga mingi ya kwetu, nao ni wekundu wa kahawia, nimewaona watu wakipiga kelele za varoa kwa ajili yao. Chawa ana miguu sita, ni mviringo, na hupenda kukaa karibu na kichwa cha nyuki, hasa malkia, akidokoa chakula mdomoni. Hana madhara makubwa. Varoa ana miguu minane na ni mpana kuliko urefu wake. Kwenye mizinga ya magome, ambako huwezi kutoa fremu, fungua vyumba vichache vya majana ya madume kwa ncha ya kisu. Juu ya jana jeupe utitiri unaonekana kama mbegu ya ulezi.

Ulaya na Marekani wanachukulia utitiri 3 kwa nyuki 100 kuwa kengele ya hatari. Usiibebe namba hiyo kama ilivyo, kwa kuwa nyuki wetu huvumilia zaidi. Cha maana kwako ni kulinganisha mizinga yako yenyewe. Hesabu ile mitatu dhaifu na mingine mitano yenye nguvu, andika kwenye daftari, rudia baada ya wiki sita. Mzinga wenye utitiri mwingi na nyuki wengi ni hazina: hao wanajua kuishi nao. Mzinga wenye utitiri mwingi na nyuki wachache ndio wa kushughulikiwa.

Kuushughulikia kwa namna gani? Njia ya kwanza ni kuuacha ukajiamulia, ukiwa umepunguza mlango wake ili majirani wasije kuiba asali. Nakiri kwamba hii ndiyo ninayoipendelea kwa mwenye mizinga 34. Hasara inaweza kuwa makundi matatu. Faida ni kwamba malkia watakaobaki na madume wao ni wa ukoo unaostahimili. Njia ya pili ni kukata sega la majana ya madume likishafunikwa na kulitoa kabisa, maana utitiri hupendelea madume, ambao hukaa muda mrefu zaidi ndani ya chumba. Si kazi ngumu kwenye mizinga ya boksi. Njia ya tatu ni dawa za kuua utitiri. Zipo za asidi na za mafuta ya mimea, nazo zinafanya kazi. Lakini zinataka vipimo halisi na kifaa cha kukinga macho na mapafu, na nyuki wetu wakichokozwa na harufu kali mara nyingi huhama siku hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, ukishaanza unawalea pamoja wanaojiweza na wasiojiweza, na kila msimu utarudi dukani. Tumia tu kama afisa nyuki amesimama pale nawe.

Lililo baya kabisa ni kuunganisha. Najua kishawishi chake: una makundi matatu dhaifu, unafikiri ukiyachanganya na lenye nguvu utaokoa nyuki. Mimi nilifanya kosa la jamaa yake nilipoanza kazi hii. Nilikuwa nikitoa fremu ya majana kutoka mzinga wenye nguvu kuupa mnyonge, na fremu za mnyonge nikazisambaza kwingine ili zisipotee. Nilijiona fundi. Kufikia msimu uliofuata mabawa yaliyokunjamana yalikuwa yamejaa mbele ya mizinga tisa badala ya miwili, na aliyeyapeleka huko ni mimi, kwa mikono yangu, ndani ya fremu. Majana yaliyofunikwa ndiyo gari la utitiri. Yasihame kutoka mzinga mmoja kwenda mwingine. Wala usiwalishe nyuki asali ya kununua au ya mzinga mwingine. Wakati wa njaa, maji ya sukari yatatosha. Mzinga uliokufa au kuhamwa ukiwa na asali uzibe mlango siku hiyo hiyo, la sivyo nyuki wa jirani wataiba, na walioiba hurudi nyumbani na zaidi ya asali.

Kama unafuga pia nyuki wadogo wasiodunga, waweke mbali kidogo na mizinga hii na usiwape asali wala chavua ya nyuki wakubwa. Virusi hivi havikai kwa nyuki wa mizinga peke yao. Uingereza vya mabawa vimekutwa kwa nyuki wakubwa wa porini wenye manyoya, na huko Amerika ya Kusini virusi vya nyuki wa asali vimekutwa kwa jamaa za hawa wasiodunga. Vinaweza kuachwa hata juu ya ua.

Kuna ugonjwa mwingine wa virusi ambao ningependa uutambue ukiuona, kwa kuwa hauhitaji utitiri ili uwe hatari. Majana hufa yamejinyoosha, kichwa juu, ngozi imegeuka kifuko chenye maji. Ukilitoa kwa kibano linatoka zima, limepinda ncha kama mtumbwi. Halina harufu mbaya na halivutiki kama uzi. Kwa nyuki wa jamii yetu mara nyingi huja na kuondoka wenyewe maua yakiwa mengi. Kwa wale nyuki wafugwao wa Asia ni balaa: aina yake iliyopita India ya kusini mapema miaka ya 1990 iliwaacha wafugaji wengi na mizinga mitupu. Nalitaja ili ukiona vifuko vichache usije ukarudi tena kwa yule kijana wa unga.

Na lini umwite mtu aje mwenyewe? Majana yakivutika uzi, au yakinuka. Makundi ya majirani zako watatu wanne yakianza kufa pamoja nawe. Ukiona nyuki wakubwa weusi wanaong'aa kwa kukosa manyoya, wanatetemeka mlangoni na kufa kwa marundo. Au makundi zaidi ya 10 kati ya 34 yakianguka ndani ya mwezi mmoja. Katika hali hizo maneno yangu hayatoshi, anahitajika mtu wa kufungua mzinga. Mwombe afisa nyuki wa wilaya achukue sampuli. Akihitaji maabara, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Nairobi kina maabara maalumu ya afya ya nyuki, naye ndiye wa kufuata taratibu za kuzituma.

Wewe unaweza kumwandalia. Kwa utitiri, nyuki 300 ndani ya chupa ya spiriti wanatosha na wanaweza kukaa hata wiki. Kwa virusi ni tofauti: wanatakiwa nyuki walio hai au waliokufa muda si mrefu, wale wa mabawa yaliyokunjamana 10 na wazima 20 wa mzinga huo huo, kwenye mifuko miwili tofauti. Igandishe mara moja, kisha iende ndani ya boksi la barafu. Nyuki aliyekauka juani hana cha kumwambia mtu wa maabara. Andika juu ya kila mfuko namba ya mzinga, tarehe, na idadi ya utitiri uliyoipata kwenye sukari.